Gunia moja, keja sita: Tulivyonunua waru kwa mkulima

Jumamosi asubuhi mtaani Umoja, Nairobi, usingizi wenyewe bado mtamu, kipaza sauti kinakuamsha: "Waru! Waru za Kinangop!" Pikapu imeegeshwa karibu na geti na viazi bado vina udongo.

Kama mshahara wako ni wa kubahatisha, pikapu hiyo inakuokoa. Muuzaji halipi kodi ya kibanda, na bei yake huwa nafuu. Lakini si kila mwenye pikapu ametoka shambani. Wengine hupakia Marikiti alfajiri, kisha wanakuapia kuwa wamezing'oa jana. Mimi humuuliza mtu zimevunwa lini na ni aina gani. Aliyetoka shamba atakupa hadithi nzima, mpaka ya mvua. Anayebabaisha atakwambia tu, "Hizi ni tamu, boss."

Kwenye ploti yetu tuliamua kujaribu wenyewe. Jirani mmoja kwao ni Njabini, kwa hivyo mamake akatutafutia mkulima. Keja sita tukachanga, pesa zikaenda kwa M-Pesa, gunia likaja na matatu hadi tauni, halafu likapandishwa mkokoteni. Hata baada ya kulipa nauli, kila mtu aliokoa kitu.

Aibu ilitupata kwenye simu, kabla gunia halijafungwa. Mmoja wetu alimwambia mkulima, "Si utuongezee kidogo pale juu?" Mzee akanyamaza, kisha akajibu, "Kijana, hiyo ndiyo lumbesa."

Tulijua anachosema. Lumbesa ni lile gunia linaloshonewa kofia juu, dalali analipa bei ya gunia moja na kubeba zaidi. Kanuni za viazi za mwaka wa 2019 zinasema gunia lisizidi kilo 50. Sisi hulalamika kila siku kuhusu madalali, na siku ya kwanza tuliyopata nafasi tulitaka kofia kama wao. Tulilipia kilo 50, zikaja 50. Tukagawana kwa mizani, kilo nane na kitu kila keja.

Usiagize gunia peke yako, lakini. Zetu zilikuwa Shangi, ambazo huiva haraka jikoni na huchipua haraka vilevile. Ziweke ndani ya katoni, mahali penye giza na hewa, si kwenye mfuko wa plastiki. Zikikaa kwa mwanga zinageuka kijani, na viazi vya kijani vina sumu.

Sukuma wiki hatuagizi mbali. Matatu ikikwama njiani na jua hilo, utapokea majani ya kulisha mbuzi. Hizo bado nanunua kwa mama mboga wa pale chini, anayenikatia na kuniandika kwenye daftari tarehe zikigoma. Ndiye aliyeona gunia likipita mbele ya kibanda chake. Hakusema kitu siku hiyo. Kesho yake, akinifungia sukuma, aliuliza kwa sauti ya chini, "Na mimi mnaniacha?"

Sikuwa na jibu. Jioni nilipeleka swali kwa majirani, tukabishana kidogo, mmoja akidai atatuuzia bei ya kibanda.

Oda ya pili ilikuwa magunia mawili. Moja ni lake.