TAA YA TANGI NI CHAKULA CHA MMEA

Katika maabara nyingi za shule utakuta tangi dogo la kioo lenye samaki wawili watatu na mimea iliyopandwa kwenye changarawe. Mara nyingi pia utakuta majani yamekuwa manjano, kioo kimeota utelezi wa kijani, na samaki wanahema juu juu. Hapo watu husingizia maji, husingizia chakula, wengine hata husingizia jicho baya. Taa haisingiziwi na mtu! Kumbe uhai wa mmea na pumzi ya samaki vinaitegemea sana taa hiyo. Je, tuichague vipi?

Kwanza tujue mmea unaitakia nini. Mwaka 1779 daktari Mholanzi aitwaye Jan Ingenhousz, akiwa Uingereza, alitumbukiza majani mabichi ndani ya maji. Yalipokuwa juani yalitoa viputo vya hewa. Yalipowekwa gizani viputo vikakoma. Hewa ile ilikuwa oksijeni, na kazi ile leo tunaiita usanisinuru. Mmea huchukua maji na hewa ya kaboni, ukavipika kwa nguvu ya mwanga, ukapata chakula chake. Oksijeni inayobaki ndiyo samaki huvuta. Kwa hiyo taa ya tangi si pambo la kumfurahisha mgeni mkaguzi. Ni jiko la mmea, na moto wa jiko una kipimo chake.

Kipimo cha kwanza ni wingi wa mwanga. Dukani wengi huuliza, "Hii ni wati ngapi?" Swali hilo halitoshi. Wati hueleza stima inayoliwa, bali mwanga unaotoka hupimwa kwa lumeni, na idadi yake huandikwa kwenye pakiti ya balbu. Wafugaji wa samaki wa mapambo hukisia lumeni 15 hadi 20 kwa kila lita ya maji kwa mimea isiyo na makuu, na 20 hadi 40 kwa ile inayopenda mwanga zaidi. Sasa tupige hesabu. Tangi la urefu wa sentimita 40, upana 25 na kimo 25 hubeba lita 25. Ukilipa lumeni 20 kwa lita, unahitaji lumeni 500 tu. Balbu ya LED ya wati 6 hivi yaweza kuzitoa. Balbu ya kizamani yenye uzi wa kuwaka ingehitaji wati 40 na zaidi, na sehemu kubwa ya stima hiyo ingepotea kuwa joto. Maji yakipata joto hushika oksijeni kidogo, na anayeumia ni samaki.

Tusisahau mfuko wa shule. Taa ya wati 6 ikiwaka saa 8 kila siku hula yuniti moja na nusu hivi kwa mwezi. Ile ya wati 40 hula karibu yuniti 10. Nazo tyubu ndefu nyeupe hutoa mwanga mzuri, ila ndani yake mna zebaki, ambayo ni sumu. Ikivunjika, usizoe vigae vyake kwa mikono mitupu.

Kipimo cha pili ni rangi ya mwanga. Umbijani wa jani hupenda hasa mwanga mwekundu na wa buluu. Wa kijani huurudisha kwa wingi, ndiyo maana sisi tunaliona jani kuwa kijani. Taa nyeupe yenye maandishi 6500K, yaani inayokaribia mwanga wa mchana, ina rangi zote hizo na yatosha kabisa. Usidanganyike kununua taa ya zambarau kwa bei ya kuruka ati ndiyo ya mimea. Na hapa pana kisa cha kufurahisha. Takashi Amano wa Japani, aliyefariki mwaka 2015, ndiye aliyevumisha duniani sanaa ya kupanga bustani ndani ya tangi. Mwaka 2014 Mjapani mwingine, Hiroshi Amano, alishiriki Tuzo ya Nobel ya Fizikia kwa ajili ya LED ya buluu, iliyowezesha taa nyeupe za LED tunazotumia leo. Jina moja, watu wawili: mmoja wa bustani, mwingine wa taa!

Kipimo cha tatu ni umbali. Wale waliofanya jaribio la kuhesabu viputo vya mmea wa majini wanajua kwamba taa ikisogezwa mbali viputo hupungua. Ukiongeza umbali mara mbili, mwanga wa balbu tupu hushuka hadi robo hivi. Taa ya meza ya kusomea yenye shingo ya kukunjika inafaa sana, kwani unaweza kuishusha au kuiinua bila kununua nyingine.

Kipimo cha nne, na ndicho kinachowashinda wengi, ni muda. Wahenga walisema mtaka yote hukosa yote. Kuna wanaoacha taa ikiwaka usiku kucha wakidhani wanaupa mmea karamu. Mmea una kiwango chake. Mwanga unaozidi huliwa na mwani, ule utelezi wa kijani. Mwani ukijaa kisha ukafa, kuoza kwake humaliza oksijeni, nao samaki hukosa pumzi. Tena samaki wanahitaji giza wapumzike. Anza na saa 6 kwa siku, kisha usizidi 8. Tangi lisipigwe na jua la dirishani moja kwa moja, maana hilo ni taa ya pili ambayo huwezi kuizima.

Mwanga kukosekana nako ni hatari. Katika miaka ya 1990 gugumaji lilitanda sehemu kubwa za Ziwa Victoria upande wa Kisumu. Mwanga haukupenya chini yake, na oksijeni majini ikapungua. Hata tangini, mimea inayoelea ikifunika maji yote, ipunguze.

Basi chagua mmea kwanza, taa baadaye. Anubias, mmea wa asili ya Afrika Magharibi, huridhika na mwanga hafifu. Mimea mingi yenye majani mekundu hudai mwanga mkali, kwa hiyo anayeanza aiache. Halafu soma dalili. Shina likirefuka na majani kuachana mbalimbali, mwanga ni haba. Kioo kikiota kijani upesi, punguza saa. Badilisha jambo moja tu, kisha ngoja wiki mbili uone.

Mwisho, usalama. Stima ya ukutani ni volti 240, na maji si rafiki yake. Zima swichi na uchomoe plagi kabla ya kutia mkono tangini. Waya uning'inie chini kuliko soketi kabla ya kupanda, ili tone likiteleza lidondoke sakafuni, lisiingie kwenye plagi. Balbu isiyo na kinga ya maji isikae juu ya tangi lisilo na kifuniko cha kioo.

Ndugu zangu, samaki hana mdomo wa kulalamika kwa mwalimu wa zamu. Anayeshika swichi ndiye aliyeshika pumzi yake. Kabla hujaiwasha kesho, tazama saa.