Mtoto Mwenye Usonji na Lugha Mbili za Nyumbani



Hapa Kigamboni nyumba nyingi zina lugha zaidi ya moja. Bibi anasema Kizaramo au Kimakonde, baba na mama Kiswahili, na shuleni mtoto anakutana na Kiingereza. Mtoto akigundulika kuwa na usonji, wazazi huuliza: je, tumwachie lugha moja tu asichanganyikiwe?

Jibu ni hapana.

Usonji ni nini?
Ni hali ya ubongo kukua kwa namna tofauti. Mtoto hupata shida ya kuwasiliana na kuchangamana na wenzake, na hupenda kurudia mambo yale yale. Hauletwi na uchawi, laana, chanjo wala malezi mabaya. Hauletwi na lugha mbili pia.

Je, lugha mbili humchelewesha?
Watafiti wa Montreal, Kanada, walichapisha mwaka 2012 matokeo ya kulinganisha watoto wenye usonji wanaosikia lugha moja na wanaosikia mbili. Wale wa lugha mbili hawakuonekana kuchelewa zaidi ya wenzao.

Hasara ipo katika kuiacha lugha. Bibi anayeshinda na mtoto akikatazwa lugha yake, hunyamaza. Mama anayejikaza kwa Kiingereza cha kubabaisha hatanii, haimbi, habembelezi. Mtoto huyu anahitaji kusemeshwa zaidi, si kupunguziwa maneno.

Tufanye nini?
1. Kila mtu aseme na mtoto kwa lugha anayoimudu vizuri.
2. Mwite jina, inama ulingane naye, sema kwa ufupi huku ukionyesha kitu: "Vaa kiatu." Kisha msubiri. Usimlazimishe kukutazama machoni.
3. Mkihesabu maneno anayoyajua, hesabuni ya lugha zote.
4. Tumieni pia ishara na picha. Hazimzuii mtoto kusema, na asiyesema bado hupata njia ya kuomba maji.
5. Mwelezeni mwalimu lugha za nyumbani na maneno ambayo mtoto hutumia.

Msichelewe
Mpelekeni mtoto kituo cha afya kama akifikisha miezi 12 haitiki jina lake wala haonyeshi kitu kwa ishara, miezi 16 hana neno lolote, au miaka 2 haunganishi maneno mawili. Mtoto aliyekuwa na maneno yakapotea apelekwe mara moja, kwa umri wowote. Msijifariji kwamba "ni lugha nyingi, atasema tu." Ombeni apimwe masikio, maana asiyesikia vizuri naye huchelewa kusema. Ikihitajika, ombeni rufaa kwenda Muhimbili. Safari ya pantoni na foleni vinachosha, lakini msaada wa mapema ndio unaofaa zaidi.

Na mkirudi nyumbani, mwacheni bibi aendelee kumwimbia mjukuu wake kwa lugha yake.