Karatasi Iliyochoka Kutembea

Sogeeni, wapwa zangu. Leo anayezungumza si sungura wala fisi. Ni karatasi. Jina lake PF3.

"Mjomba, karatasi inasema?"

Hii inasema. Sikilizeni.

"Mimi ni fomu ya polisi. Mtu akipigwa, au akitendewa jambo baya mwilini mwake, polisi hunitoa. Daktari huandika juu yangu alichokiona. Mwisho husomwa mahakamani. Zamani hapa Unguja, ah, nilitembea! Tuseme mtoto ameumizwa huko shamba. Anapelekwa kwa sheha, kiongozi wa shehia yao, anaeleza. Anakwenda kituo cha polisi, anaeleza tena. Ananichukua, tunapanda daladala mpaka hospitali. Tunapanga foleni. Anaeleza tena. Ustawi wa jamii wana ofisi yao, mwanasheria yuko mtaa mwingine. Anaeleza tena. Mimi nimekunjika, nimelowa jasho la kiganja chake. Na yeye kachoka kuliko mimi."

"Mjomba, kwa nini aeleze tena na tena? Kwani hawakumsikia?"

Hilo ndilo swali! Wakubwa wengi hawakuliuliza, wewe umeliuliza. Walimsikia, lakini kila mmoja alimsikia peke yake. Na kila akieleza, machungu yanarudi. Wengine walifika nusu ya njia wakageuka. Wengine walifika hospitali siku ya pili, wameshakoga, nguo zimeshafuliwa. Daktari ataona nini tena? Ataandika nini?

Sasa mtazameni mama jikoni. Je, anakizungusha chungu, dakika moja kwenye figa hili, dakika moja kwenye figa lile? Hakizungushi. Anayasogeza mafiga yote matatu pamoja, chungu anakiteleka mara moja. Basi ndivyo ilivyofanyika. Mwaka 2011, katika Hospitali ya Mnazi Mmoja, kikafunguliwa Kituo cha Mkono kwa Mkono. Daktari yupo, askari yupo, mtu wa ustawi wa jamii yupo, na mshauri nasaha, yule anayekaa nawe mpaka moyo utulie. Mtoto anakaa pahala pamoja, wao ndio wanaomfuata. Mwaka huo huo Zanzibar ikapata Sheria ya Mtoto, ya kumlinda.

"Mjomba, na mtoto wa Pemba je? Apande boti aje mjini?"

Ndiyo maana nakupenda, wewe! Kituo kimoja hakikutosha. Mtoto wa Pemba akipanda boti, kwani hajarudi kule kule kwenye safari? Basi vikafunguliwa vingine. Pemba kikaja Chake Chake, kikaja Wete, kikaja Micheweni. Huku Unguja, kaskazini kikaja Kivunge, kusini Makunduchi. Bara nako vipo, kama pale Hospitali ya Amana, Dar es Salaam.

"Kwa hiyo karatasi haitembei tena?"

Muulizeni mwenyewe.

"Natembea kidogo, alhamdulillahi. Lakini ninalo nung'uniko. Mara nyingi aliyeumiza si mgeni. Ni jirani. Ni mtu wa ukoo, anayekula sahani moja na watu wa nyumba ile. Basi wakubwa wanaona muhali. Wanakaa ukumbini, wanazungumza kwa sauti ndogo, wanamalizana. Mimi nabaki kabatini. Siku ya kesi hakimu anaita shahidi, na shahidi haonekani."

Karatasi imesema kweli, na mimi naongeza: hapo wakubwa tunakosea. Muhali wetu anaulipia mtoto. Tungefungua kituo kila kijiji, nyumba zikinyamaza, askari na daktari wangekaa wakitazamana tu.

"Mjomba, mtoto aliyeumizwa ana kosa?"

Hana. Hana hata chembe. Hata kama alitoka nje usiku. Hata kama alipokea peremende. Hata kama alichelewa kusema. Mwenye kosa ni aliyeumiza.

"Na akiogopa kusema nyumbani?"

Amwambie mwalimu, au shangazi, au mtu mzima yeyote anayemwamini. Huyo akinyamaza, amwambie mwingine. Na ipo namba ya simu ya watoto, Bara na Visiwani: 116. Semeni pamoja nami: moja, moja, sita. Ni bure, hata simu haina salio. Anapokea mtu mzima ambaye kazi yake ni kusikiliza watoto. Haya, tena: moja, moja, sita.