Bia "nyeupe" ya Ujerumani: jina lilitoka wapi?

BUNIA – Primus, Skol na 33 Export ni majina yanayojulikana katika manganda ya Bunia, lakini hayamwambii mnywaji nafaka iliyomo ndani ya chupa. Primus ni Kilatini, maana yake "wa kwanza". Skol ni neno la watu wa Skandinavia wanapogonganisha glasi. Na 33 ni kipimo cha chupa, sentilita 33.

Bavaria, kusini mwa Ujerumani, kuna bia inayotaja nafaka yake waziwazi. Wenyeji huiita Weißbier, yaani bia nyeupe. Kwingineko Ujerumani huitwa Weizenbier, bia ya ngano. Kwa kweli rangi yake ni ya manjano yenye ukungu. Iliitwa nyeupe kwa sababu bia nyingine za zamani zilikuwa za kahawia. Tena, katika Kijerumani neno "ngano" na neno "nyeupe" yana asili moja, kutokana na weupe wa unga.

Isipochujwa huitwa Hefeweizen. Hefe ni hamira. Hamira hiyo huipa harufu ya ndizi mbivu, ingawa haina ndizi hata moja, tofauti na kasiksi ya Kivu.

Mwaka 1516 watawala wa Bavaria waliamuru bia itengenezwe kwa shayiri, hopsi na maji tu. Sababu moja inayotajwa ni kuwaachia waoka mikate ngano. Hata hivyo, ukoo wa wakubwa wa Degenberg uliruhusiwa kutumia ngano. Ukoo huo ulipokwisha mwaka 1602, haki hiyo ilimwangukia mtawala Maximilian I, na bia ikamletea mapato makubwa. Baadaye wanywaji waliiacha, hadi mwaka 1872 Georg Schneider wa Munich alipopata haki ya kuitengeneza na kuifufua.

Swali hilo la nafaka kuwa chakula au pombe si geni Ituri, ambako mahindi na mihogo hulisha jamaa na pia hutoa lotoko. Vita vimewafukuza wakulima wengi mashambani huko Djugu na Irumu. Kila beseni la mihogo linaloingia kwenye pipa la lotoko halifiki mezani. Lakini kwa mama anayeipika, mara nyingi ndilo linalolipa masomo ya watoto.