Manowari za Afrika Kusini na Mafundi Wake

Mwaka 1999 Afrika Kusini iliagiza Ujerumani manowari nne za aina ya frigeti. Ziliundwa huko, lakini silaha nyingi zilifungwa nyumbani, Simon's Town. Mzinga wa mbele, wa milimita 76, ulitolewa kwenye boti za kivita za zamani ukatengenezwa upya. Makombora ya Exocet yalitoka Ufaransa. Umkhonto, kombora la kutungua ndege, pamoja na mzinga wa milimita 35, ni kazi ya Denel, shirika la umma. Kila meli ina nafasi ya Umkhonto 16, na pa kuongezea papo.

Ataongeza nani? Mwaka 2020 wafanyakazi wa Denel walikaa miezi wakipewa mshahara nusu nusu, hata vyama vya UASA na Solidarity vikalishtaki shirika. Mwezi Agosti Mahakama ya Kazi iliamuru walipwe. Lakini mafundi wengi walikwisha kuondoka, na fundi wa makombora haokotwi njiani.

Moja ya manowari hizo inaitwa Mendi, kwa kukumbuka meli iliyozama mwaka 1917 na wafanyakazi Waafrika zaidi ya 600, waliokuwa wakipelekwa Ufaransa kufanya kazi za suluba vitani. Hao hawakupewa hata bunduki.