Kauli Moja ya Kumfariji Jirani

Mwanamke wa Pwani anapohamia Thika au Ruiru kumfuata mume kazini, au kuwa karibu na wanawe wanaosoma huko, hukuta majirani wema ambao lugha ya nyumbani mwao ni Kikuyu. Kiswahili humtosha dukani na katika matatu. Kwa bibi mzee wa mlango wa pili, hakimfikishi mbali.

Sisi tulioishi Ruiru tulianza kwa kuandika neno moja moja: maji, mtoto, unga, nyumba. Daftari likajaa. Kisha bibi jirani yetu akafiwa na mumewe. Tulipokwenda kuhani, neno la mume tulikuwa nalo, na la Mungu pia, lakini kuyaunganisha hatukuweza. Tukamshika mkono, tukanyamaza. Binti yake akatunong’oneza: “Ngai amũũmĩrĩrie,” yaani, Mungu awafariji. Tuliporudia, bibi akainua uso, akatuitikia.

Tangu siku ile tunajifunza kauli nzima. Kila lugha ina maneno yaliyozoeana. Sisi hupiga simu, hupiga picha, hupiga pasi, wala hakuna anayepigwa. Mkikuyu naye husema *kũhũra thimũ* na *kũhũra mbica*, na *kũhũra* ni kupiga. Mwingereza hutumia vitenzi tofauti, ndiyo maana watoto wetu hukosea wanapotafsiri neno kwa neno.

Dada zetu mnaohamia huko, anzeni na hizi. *Wĩ mwega?* ni kujuliana hali, na jibu lake ni *Ndĩ mwega*. *Nĩ wega* ni ya kushukuru. Anayeondoka huambiwa *Thiĩ na wega*, nenda salama. Naye humwambia anayebaki *Tigwo na wega*. Andikeni kila kauli pamoja na mahali pake: ya sokoni, ya mgonjwa, ya msiba. Mwombeni jirani awasahihishe, wala msione haya akicheka.

Surat Ar-Rum, aya ya 22, imezitaja tofauti za ndimi zetu miongoni mwa ishara za Mwenyezi Mungu. Naye Zaid bin Thabit (r.a.) alijifunza maandishi ya Mayahudi kwa agizo la Mtume (s.a.w.). Jirani ana haki juu yetu, hata asiye wa dini yetu. Tutaitimizaje haki hiyo ikiwa siku ya msiba wake hatuna la kumwambia?

Wabillahi tawfiq.