Je, Wajua? Kodi, Baiskeli na Vita Vilivyounda Samani za Nyumbani Kwako

Ukipita Keko, Dar es Salaam, au kando ya Barabara ya Ngong, Nairobi, utaona makochi, vitanda na makabati yamepangwa hadi ukingoni mwa lami. Muuzaji atakutajia bei, aina ya mbao na siku ya kukuletea mzigo. Hatakuambia kwamba umbo la kiti unachokitamani huenda lilitokana na kodi iliyofutwa bungeni, gari lililokosa nafasi au baiskeli ya mwalimu. Basi jisomee haya kabla hujaanza kupatana bei.

Meza ya kale ya duara si duara tena

Chukua meza ya duara iliyotengenezwa miaka 200 iliyopita, uipime katikati mara mbili: kwanza ukifuata nyuzi za mbao, kisha ukizikata. Vipimo havitalingana! Mbao hunywea kwa upana mwaka baada ya mwaka, lakini kwa urefu wa nyuzi zake hainywei ila kidogo mno. Meza iliyotoka kwa seremala ikiwa duara kamili huishia kuwa nyembamba upande mmoja. Muuzaji akikuapia kwamba meza yake ya mbao nzima ni ya karne mbili, na tepu inasema duara lake halina kasoro hata chembe, una kila sababu ya kuguna.

Kuna makabati yaliyozitangulia piramidi za Giza

Katika kijiji cha kale cha Skara Brae, visiwani Orkney, Uskoti, nyumba za miaka kama 5,000 iliyopita bado zina vitanda na makabati yenye rafu. Hayajaoza kwa sababu ni ya mawe. Visiwa hivyo vilikuwa na uhaba wa miti, wakazi wakaamua kuunda samani kwa kile walichokuwa nacho tele. Dhoruba kali ya mwaka 1850 ndiyo iliyofukua mchanga na kuyaanika. Kabati liliwekwa mkabala na mlango, ili mgeni aingiapo alione kabla ya kitu kingine chochote. Tamaa ya kumwonyesha mgeni kabati la vyombo, kumbe, ni ya tangu zama za mawe!

Farao alikuwa na kitanda cha kukunja

Howard Carter alipolifungua kaburi la Tutankhamun mwaka 1922, alikuta humo kitanda chepesi kinachokunjika mara tatu kwa bawaba za shaba nyeusi. Kina zaidi ya miaka 3,300. Bawaba zimepangwa ili sehemu moja ikunjike bila kuizuia nyenzake, na miguu ya katikati ikae sawa kitanda kinapotandazwa. Mtu anayenunua kitanda cha kukunja kwa ajili ya wageni wa sikukuu anatumia wazo lililokwishamhudumia mfalme kijana wa Misri.

Kiti cha enzi cha Lamu kilichongwa kwa mbao inayozama majini

Mpingo una uzito wa zaidi ya kilo 1,200 kwa mita moja ya ujazo, wakati maji yana kilo 1,000 tu. Ukitupa kipande chake baharini kinakwenda chini kama jiwe. Kwa mbao hiyo ngumu, mafundi wa Lamu, Pate na Siyu walitengeneza viti virefu vya mgongo ulionyooka wima, vyenye mahali pa kuwekea miguu, kamba zilizosukwa kwenye kalio na mgongoni, na vipande vya pembe za ndovu vilivyopachikwa kwa ustadi. Havikuwa viti vya kujipumzishia jioni. Viliwekwa sebuleni kwa matajiri na watawala ili mgeni wa heshima akikalishwa, kila aliyepo aone amekalishwa. Wataalamu mpaka leo wanabishana kama umbo lake linadaiwa zaidi na Misri ya Wamamluki, Wareno au Bara Hindi. Ubishi huo wenyewe unaonyesha bandari hizo zilivyokuwa na wageni wengi.

Sanduku la njumu lilikuwa kabati, kasha la fedha na begi la safari

Yale masanduku mazito ya Zanzibar, yenye njumu za shaba zilizopangwa kwa nakshi, mengi yalikuja kwa majahazi kutoka pwani za India na Ghuba, yakifuata pepo za kaskazi. Nahodha aliweka humo hesabu na fedha zake. Bibi harusi aliweka nguo na dhahabu. Mengi yana vijidroo chini na kijisanduku kidogo ndani, na baadhi yana sehemu za siri ambazo mgeni hazioni hata akiinamisha kichwa ndani. Ukilipata la urithi kwa bibi, lipapase kila pembe kabla ya kusema ni tupu.

Mfalme wa Ufaransa aliziyeyusha meza zake kulipia vita

Louis XIV alijaza jumba lake la Versailles meza, viti, vinara na hata vyungu vya michungwa vya fedha tupu. Mwaka 1689 vita vikamkaba koo, akaamuru vyote vipelekwe kuyeyushwa viwe sarafu: takriban tani 20 za fedha. Alichoambulia kilikuwa kidogo sana kuliko gharama ya ufundi wake. Katika jumba hilohilo, mwanamke kukalia kigoda kisicho na mgongo mbele ya malkia ilikuwa haki ya mke wa kabaila wa daraja la juu, wengine walisimama. Kwa hiyo usikidharau kigoda: kuna watu waliogombana maisha yao yote ili wakipate.

Mtindo mashuhuri wa Uingereza ulizaliwa na kodi iliyofutwa

Mwaka 1721 Bunge la Uingereza liliondoa ushuru wa mbao kutoka makoloni yake ya Amerika, na mahogani ikaanza kumiminika kutoka Jamaika, ikikatwa kwa jasho la watumwa. Ni mbao ngumu, pana, inayokubali patasi, hivyo mafundi wakaweza kuchonga migongo ya viti yenye matundu kama utepe bila kuvunjika. Mwaka 1754 seremala Thomas Chippendale akachapisha kitabu cha michoro 160, na kwa mara ya kwanza mtindo wa samani nchini humo ukaitwa kwa jina la fundi badala ya jina la mfalme. Lakini angalia: kitabu kilimfikia kila fundi mwenye uwezo wa kukinunua. Kiti kikiitwa Chippendale, aghalabu maana yake ni mtindo tu. Chippendale mwenyewe huenda hakukigusa kamwe.

Kigoda cha Dhahabu cha Waasante hakikaliwi na mtu yeyote

Hata mfalme wa Asante, nchini Ghana, hakikalii. Kigoda hicho kinaaminiwa kubeba roho ya taifa zima, na huwekwa juu ya kiti chake chenyewe. Mwaka 1900 gavana wa Kiingereza, Frederick Hodgson, alidai aletewe akikalie. Jibu alilopata ni vita, vilivyoongozwa na mama mwenye cheo cha malkia, Yaa Asantewaa. Waingereza walishinda kwa silaha na kumpeleka mama huyo uhamishoni Shelisheli, lakini kigoda kilikuwa kimefichwa na hawakukitia mkononi. Ni vigumu kukitaja kipande kingine cha samani kilichopiganiwa kwa damu kiasi hicho.

Viti 36 viliwahi kuenea kwenye sanduku la mita moja ya ujazo

Mwaka 1859 Michael Thonet alitoa kiti nambari 14, kile cha mikahawani chenye mgongo uliopinda kama upinde. Siri yake ni mvuke: fito za mbao zilipashwa mvuke hadi zikalainika, zikakunjwa kwenye kalibu za chuma na kuachwa zikauke. Kiti kizima kina vipande sita vya mbao, skrubu kumi na nati mbili. Kilisafirishwa kikiwa vipande na kuunganishwa kilikofika, na hadi mwaka 1930 viti kama milioni 50 vilikuwa vimeuzwa.

Kiti cha mabomba kilitokana na baiskeli

Marcel Breuer alikuwa mwalimu kijana katika shule ya usanifu ya Bauhaus, Ujerumani, alipotazama usukani wa baiskeli yake mwaka 1925 na kujiuliza: kama bomba la chuma linakunjika hivi na bado linanibeba, kwa nini lisiwe kiti? Akatengeneza kiti cha mabomba na vitambaa vilivyokazwa. Viti vya chuma vya ofisini, vya saluni na vya kumbi za mikutano vyote ni jamaa zake wa karibu au wa mbali.

Meza iliyogoma kuingia garini ilibadilisha maduka ya dunia

Mwaka 1956 Gillis Lundgren, mfanyakazi wa IKEA ya Uswidi, alihangaika kuipakia meza garini. Akaing'oa miguu, tatizo likaisha. Kampuni hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1943 na Ingvar Kamprad akiwa na miaka 17 tu, ikalikamata wazo hilo: uza samani zikiwa bapa katika boksi, mnunuzi aziunganishe mwenyewe. Thonet alikwishafanya hivyo karibu karne moja kabla, lakini sasa gharama ya kuunganisha ilihamia sebuleni kwa mteja.

Kiti cha plastiki hakina hata kiungo kimoja

Kiti kile cha harusini, msibani na kwenye mikutano ya kijiji hakina skrubu, gundi wala msumari. Plastiki iliyoyeyushwa husukumwa ndani ya kalibu kwa nguvu, na kiti kizima hutoka kwa mpigo mmoja, kwa muda usiofika dakika mbili. Mfaransa Henry Massonnet alikuwa miongoni mwa waliouonyesha ulimwengu njia hiyo, kwa kiti chake cha mwaka 1972. Ile migongo yenye matundu si urembo tu: inapunguza plastiki na kuyapitisha maji ya mvua.

Kiti kimoja kimewahi kuuzwa kwa euro milioni 21.9

Ni kiti kidogo cha ngozi chenye mikono ya mbao iliyochongwa kama mazimwi, kazi ya mwanamke wa Kiayalandi, Eileen Gray. Kiliwahi kumilikiwa na mbunifu wa mavazi Yves Saint Laurent, na mnada ulifanyika Paris mwaka 2009. Kina urefu wa sentimita 61 tu, mtu mzima akikikalia magoti yanampanda. Lakini kilikuwa cha pekee, mwenye kukitengeneza alijulikana, na kila mkono kilimopita ulikuwa na kumbukumbu. Kwenye mnada historia iliyothibitishwa ina bei yake, na mara nyingi ni kubwa kuliko ya mbao.

Mvule hutengeneza mawe ndani ya shina lake

Mafundi wa msumeno wanalijua jambo hili kwa machungu: unakata mvule vizuri, ghafla meno ya msumeno yanalia na kuwa butu. Mti huo hukusanya kalisi kutoka ardhini, na sehemu yake hugeuka chokaa ngumu ndani ya mbao. Usimlaumu fundi haraka akikuongezea bei. Mvule hauliwi ovyo na mchwa, na mlango wake unaweza kumfaa mjukuu wako.

Tundu la bungua ni mlango wa kutokea

Wengi wakiona tundu dogo kwenye mguu wa meza hudhani mdudu ndiyo kwanza ameingia. Kumbe mdudu alitagwa yai humo, akaila mbao kwa miezi au hata miaka, kisha akatoboa kutoka nje akiwa mkubwa! Angalia chini ya meza: ukikuta unga mpya mweupe, wenzake bado wako mezani. Walaghai wanaotaka samani mpya ionekane ya kale hutoboa matundu kwa keekee, lakini njia ya bungua hupindapinda, na ya keekee hunyooka. Ingiza waya mwembamba, utajua.

Droo hueleza ukweli ambao vanishi huuficha

Vuta mtoto wa meza hadi atoke, utazame kona zake. Meno yaliyochongwa kwa mkono, yanayoingiliana kama vidole, hayalingani kikamilifu. Ya mashine hufanana yote. Kona iliyopigwa misumari au pini tupu itaachia mapema zaidi. Kisha tazama ukingo usiopakwa rangi: mbao nzima huonyesha nyuzi zake hadi mwisho, ilhali MDF, yaani nyuzi za mbao zilizogandamizwa kwa gundi, huonekana kama kadibodi nzito, na ikilowa huvimba.

Sentimita 30 ndizo zinazoamua kama utakula kwa raha

Kalio la kiti cha mezani huwa karibu sentimita 45 kutoka sakafuni, na meza karibu sentimita 75. Nafasi hiyo ya 30 ndiyo inayoyapa mapaja uhuru. Kila mlaji anahitaji upana wa sentimita 60 hivi, kwa hiyo meza ya sentimita 180 inachukua watu watatu kila upande, si wanne kama muuzaji anavyokuahidi. Nenda dukani na tepu, na kabla ya hapo pima upana wa mlango wako na kona ya ngazi. Ukifika, usione haya: ipindue meza, vuta droo, kalia kiti kwa dakika kumi. Hela ni yako.